Marsha Linehan: mwanasaikolojia aliyeonyesha kwamba anayejiumiza anaweza kupona

Kama unalea kijana anayejikata mikono, anayesema mara kwa mara kwamba heri afe, au ambaye hasira na huzuni zake hupanda ghafla kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, huenda umeshaambiwa mengi. Anadeka. Anatafuta kuonwa. Amechezewa na majini. Mama yake hakumlea vizuri. Na pengine umeambiwa neno linalouma kuliko yote: huyu ndivyo alivyo, hatabadilika.

Makala hii inaeleza kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan, ambaye utafiti wake ulionyesha kwamba neno hilo la mwisho si kweli. Utajifunza tatizo alilolitafiti, tiba aliyoitengeneza, na mambo unayoweza kuanza kuyafanya nyumbani wewe mwenyewe.

Mambo ya msingi

- Kujiumiza mwili ni dalili ya maumivu makubwa ya moyoni. Kuchukulie kwa uzito kila mara, hata kama kidonda ni kidogo.
- Baadhi ya wanaojiumiza wana tatizo la haiba. Wengine wana sonona, wamepitia ukatili, au wana shida nyingine. Mtaalamu wa afya ndiye anayeweza kutofautisha.
- Tatizo hili lina tiba, na tiba kuu ni ya mazungumzo na mafunzo ya stadi.
- Kumsikiliza kijana wako na kutambua hisia zake si kumdekeza. Ni sehemu ya tiba.
- Kama ana mpango wa kujiua au ameshajidhuru vibaya, usingoje. Mpeleke hospitali sasa hivi.

Haiba ni nini, na tatizo la haiba ni nini?

Haiba ni namna mtu alivyo kwa kawaida: anavyofikiri, anavyohisi, anavyojiona na anavyoishi na wenzake. Mmoja ni mkimya, mwingine mchangamfu. Mmoja hukasirika upesi, mwingine husamehe upesi. Tofauti hizi ni za kawaida na si ugonjwa.

Wataalamu husema mtu ana tatizo la haiba pale namna yake ya kuhisi na kuhusiana na watu inapomletea mateso kwa muda mrefu na kuharibu masomo, kazi, urafiki au ndoa. Yapo matatizo kadhaa ya aina hii. Lile ambalo Linehan alilitafiti zaidi huitwa tatizo la haiba ya mpakani. Jina hili ni la kihistoria: madaktari wa zamani waliwaona wagonjwa hawa kama watu walio mpakani kati ya ugonjwa wa wasiwasi na ule wa kupoteza uhalisia. Leo wataalamu hawaelewi tatizo hili kwa namna hiyo, lakini jina limebaki. Liliingizwa katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Inakadiriwa kwamba mtu 1 hadi 2 katika kila 100 wanalo.

Dalili zake ni pamoja na hizi:

- Hofu kubwa ya kuachwa. Simu isiyojibiwa inaweza kuonekana kama mwisho wa urafiki.
- Mahusiano ya kupanda na kushuka. Leo wewe ni mama bora duniani, kesho wewe ni adui.
- Kutojua yeye ni nani hasa, au kujichukia.
- Kufanya mambo ya hatari bila kufikiri, kama ulevi, matumizi mabaya ya fedha au ngono isiyo salama.
- Kujiumiza, kutishia kujiua au kujaribu kujiua.
- Hisia zinazobadilika mara kadhaa kwa siku moja.
- Kuhisi utupu moyoni usiokwisha.
- Hasira kali isiyolingana na kosa.
- Nyakati za shinikizo kubwa, kuwashuku watu kupita kiasi au kuhisi kama yuko nje ya mwili wake.

Usimpime mtoto wako kwa orodha hii na kumbandika jina. Vijana wengi hupitia baadhi ya mambo haya katika kukua. Mtaalamu huangalia kama dalili angalau tano zipo, na kwa aliye chini ya miaka 18, kama zimekaa kwa mwaka mmoja au zaidi.

Marsha Linehan ni nani?

Alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alifanya kazi katika biashara ya mafuta. Shuleni alifanya vizuri, na alipiga piano kwa ustadi. Kwa mtu wa nje, familia ile haikuwa na tatizo. Lakini ndani, binti huyu alijiona hafai, tena hawafikii ndugu zake waliosifiwa kwa uzuri na mafanikio.

Mwezi Machi 1961, akiwa na miaka 17, alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili iitwayo Institute of Living, katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Alikuwa akijiumiza mwili mara kwa mara na alitamani kufa. Madaktari walisema ana skizofrenia. Alipewa dawa kali, akapewa tiba ya mshtuko wa umeme, na kwa muda mrefu aliwekwa peke yake katika chumba kisicho na kitu cha kumdhuru. Hata humo aliendelea kujiumiza. Alikaa hospitalini kwa zaidi ya miaka miwili, na alipotoka Mei 1963, kumbukumbu za hospitali zilimtaja kuwa miongoni mwa wagonjwa waliokuwa na hali mbaya zaidi pale.

Miaka mingi baadaye, baada ya kuwa mtaalamu, Linehan alieleza kwamba kwa anavyojua sasa, hakuwa na skizofrenia. Dalili zake zilikuwa za tatizo la haiba ya mpakani. Madaktari wa wakati ule hawakuwa na tiba iliyopimwa kwa tatizo hilo, kwa sababu haikuwepo.

Akiwa bado mgonjwa, aliweka nadhiri mbele ya Mungu: akitoka katika jehanamu ile, atarudi kuwatoa wengine.

Kutoka wodini hadi chuo kikuu

Njia haikuwa fupi. Alihamia Chicago, akafanya kazi ya ukarani katika kampuni ya bima na kusoma masomo ya jioni katika Chuo Kikuu cha Loyola. Bado alikuwa na vipindi vibaya, na ilibidi apite tena hospitalini. Lakini aliendelea. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu katika saikolojia. Kisha alifanya kazi katika kituo cha kuzuia watu kujiua mjini Buffalo, akajifunza tiba ya tabia, na mwaka 1977 akajiunga na Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Huko ndiko alikofanya utafiti wake mkubwa.

Angeweza kuchagua wagonjwa wepesi. Badala yake aliziomba hospitali zimpelekee wale walioonekana wagumu kuliko wote: wanawake waliokuwa wakijiumiza na kujaribu kujiua tena na tena. Wataalamu wengi waliwaogopa wagonjwa hawa. Wengine walisema wanapenda tu kusumbua watu.

Alichogundua: kukubali na kubadilika kwa pamoja

Mwanzoni Linehan alitumia tiba ya tabia ya kawaida. Tiba ile humsaidia mgonjwa kutazama matatizo yake na kubadilisha anavyofikiri na anavyotenda. Haikufanya kazi vizuri. Kila alipowaambia wagonjwa wabadilike, walisikia kama anasema, “Tatizo ni wewe.” Walikasirika, walinyamaza au waliacha kuja.

Akajaribu upande wa pili: kuwasikiliza na kuwakubali kama walivyo, bila kusukuma mabadiliko. Hapo napo walilalamika. Waliona kama mateso yao yanatazamwa tu huku hakuna anayewasaidia kutoka.

Jibu lake likawa kuyafanya yote mawili kwa wakati mmoja. Mgonjwa anaambiwa: “Unafanya kadiri unavyoweza, na maumivu yako ni ya kweli.” Anaambiwa pia: “Unahitaji kujifunza njia nyingine, na mimi nitakufundisha.” Hakuna upande unaofuta mwingine. Hii ndiyo sababu tiba yake ikaitwa tiba ya tabia ya dayalektiki. Neno dayalektiki hapa lina maana ya kushika kweli mbili zinazoonekana kupingana hadi zikae pamoja. Hospitalini utaisikia ikitajwa kwa herufi tatu, DBT.

Ili kuelewa vizuri namna ya kukubali hali, Linehan alikwenda kujifunza kutafakari kwa walimu wa Zen, mmoja wao padri Mkatoliki wa Ujerumani, Willigis Jäger. Baadaye alizitoa mbinu hizo katika mazingira ya dini ili mtu wa imani yoyote aweze kuzitumia.

Tiba kamili ina sehemu nne. Mgonjwa hukutana na mtaalamu wake ana kwa ana kila wiki. Huhudhuria darasa la stadi pamoja na wengine. Anaweza kumpigia simu mtaalamu wake anapokaribia kujiumiza, ili aelekezwe stadi ya kutumia. Na wataalamu wenyewe hukutana kila wiki kusaidiana, kwa kuwa kazi hii inachosha.

Katika darasa hufundishwa mambo manne:

1. Utulivu wa kuwepo: kutambua kinachotokea sasa, ndani yako na nje yako, bila kujihukumu.
2. Kustahimili dhiki: kupita katika saa mbaya bila kuifanya iwe mbaya zaidi.
3. Kuongoza hisia: kuzitambua kwa majina, na kupunguza yanayozichochea, kama njaa na kukosa usingizi.
4. Kuishi na watu: kuomba unachohitaji na kukataa usichotaka bila kuvunja uhusiano wala kujidharau.

Je, tiba hii inafanya kazi?

Linehan hakutaka watu wamwamini kwa maneno. Alitaka kupima.

Mwaka 1991 alichapisha matokeo ya utafiti uliodumu mwaka mmoja. Wanawake waliokuwa na tatizo hili na historia ya kujidhuru waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata tiba yake, na jingine lilipata huduma za kawaida zilizopatikana mjini. Waliopata tiba mpya walijiumiza mara chache zaidi, majeraha yao hayakuwa makubwa kama ya wenzao, walikaa siku chache wodini, na wengi zaidi hawakuikimbia tiba. Jambo moja ni muhimu kulijua: kwa mwaka ule, makundi mawili hayakutofautiana katika kiwango cha huzuni na kukata tamaa. Mkono uliacha kujikata kabla moyo haujatulia. Ukiona kijana wako ameanza tiba na bado ana huzuni, usidhani tiba imeshindwa.

Mwaka 2006 alichapisha utafiti mwingine wa wanawake 101. Safari hii alilinganisha tiba yake na tiba iliyotolewa na wataalamu wazoefu wa njia nyingine. Waliopata DBT walikuwa na uwezekano wa kujaribu kujiua uliokuwa nusu ya wenzao.

Na vijana je? Wanasaikolojia Alec Miller na Jill Rathus waliirekebisha tiba hii kwa ajili ya vijana, wakaongeza jambo litakalokugusa wewe: mzazi au mlezi huingia darasani pamoja na mtoto na kujifunza stadi zilezile. Huko Norway, utafiti wa vijana 77 uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waliopata tiba hii kwa wiki 19 walipunguza kujiumiza kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mwaka 2018 ulifuata utafiti wa Marekani wa vijana 173 wa miaka 12 hadi 18, ambao Linehan alikuwa mmoja wa watafiti wake. Baada ya miezi sita, vijana waliopata DBT walikuwa wamejaribu kujiua na kujiumiza kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Kufikia mwaka mmoja tofauti ilipungua, kwa kuwa kundi la pili nalo liliendelea kupata nafuu.

Kuhusu dawa, hakuna dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa ajili ya tatizo hili. Daktari anaweza kuandika dawa kwa ajili ya sonona, wasiwasi au kukosa usingizi vinavyoambatana nalo. Usimwanzishie wala kumwachisha kijana dawa bila ushauri wa daktari.

Je, atapona?

Swali hili mama hulibeba usiku kucha. Mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Mary Zanarini, aliwafuatilia kwa miaka mingi wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa kwa tatizo hili katika hospitali ya McLean, karibu na Boston. Katika miaka 10, 93 kati ya kila 100 walifika mahali ambapo hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa, na hali hiyo ilidumu kwa miaka miwili au zaidi. Takriban nusu walifika mbali zaidi: walikuwa wamepona na wanaishi vizuri na watu, na wana kazi au masomo ya uhakika.

Matokeo haya yanasema mambo mawili. Nafuu ni jambo la kawaida, si muujiza. Na nafuu huchukua muda, kwa hiyo jipange kwa mwendo mrefu.

Linehan mwenyewe ni mfano. Kwa miaka mingi wagonjwa waliona makovu mikononi mwake, na wengine walimuuliza kama naye alikuwa mmoja wao. Hakuwa amelisema hadharani. Mwezi Juni 2011, akiwa na miaka 68, alirudi katika hospitali ileile ya Hartford alikolazwa akiwa msichana, akasimama mbele ya watu na kusimulia historia yake. Mwaka 2020 aliiandika katika kitabu cha maisha yake, Building a Life Worth Living. Alisema hakutaka kufa akiwa mwoga, kwa sababu wagonjwa walihitaji kumwona mtu aliyefika ng’ambo.

Je, ni kosa la mama?

Hapana. Linehan alieleza kwamba tatizo hili hukua pale mambo mawili yanapokutana na kuchocheana kwa muda mrefu.

La kwanza ni maumbile. Kuna watoto wanaozaliwa na hisia nyepesi kuwaka, zinazowaka kwa nguvu na kuchelewa kupoa. Utafiti wa pacha na wa familia umeonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika tatizo hili inahusiana na urithi. Linehan aliwafananisha wagonjwa wake na watu walioungua ngozi karibu mwili mzima: hata kuguswa kidogo kunaumiza.

La pili ni mazingira yasiyotambua hisia za mtoto. Wakati mwingine ni ukatili wa kweli, kama kupigwa vibaya au kunajisiwa, na hapo aliyetenda ana hatia. Lakini mara nyingi ni familia inayopenda na isiyojua. Mtoto analia, anaambiwa, “Nyamaza, hakuna cha kulilia.” Anaogopa, anaambiwa anajifanya. Kwa ndugu zake maneno hayo yanapita. Kwa yeye mwenye hisia kali yanamfundisha kwamba anachohisi si kweli, na kwamba hatasikiwa mpaka apige kelele kubwa, au ajiumize.

Hukujua, na hakuna aliyekufundisha. Kama sehemu ya tatizo ni namna tunavyozungumza nyumbani, basi sehemu hiyo iko katika uwezo wako kuibadilisha.

Unachoweza kufanya nyumbani

1. Tambua hisia kwanza, shauri baadaye.

Binti anasema, “Mama, tangu asubuhi hajanijibu. Najua ananichukia.” Jibu la haraka ni, “Acha utoto, wenzako hawana hata cha kula.” Jaribu hivi: “Umengoja tangu asubuhi, mwanangu. Lazima imekuuma. Kaa hapa kidogo, halafu tutaona la kufanya.” Hujasema kwamba kweli anachukiwa. Umesema kwamba maumivu yake umeyaona.

2. Kutambua hisia si kukubali kila tendo.

Amevunja vyombo kwa hasira. Mkishatulia, mwambie: “Najua ulikasirika sana. Hasira si kosa. Lakini vyombo hatuvunji, na kesho utanisaidia kununua vingine kwa akiba yako.” Hapo umekubali hisia na umeomba mabadiliko kwa pumzi moja.

3. Uliza habari yote, hatua kwa hatua.

Katika tiba, mgonjwa na mtaalamu hufuatilia mnyororo wa matukio hadi kufika kwenye kujiumiza. Unaweza kufanya hivyo kwa upole, siku ya pili: “Asubuhi ulilala vizuri? Ulikuwa umekula? Nini kilitokea shuleni? Ukawaza nini?” Mara nyingi utakuta pete moja dhaifu, kama kukesha na simu au kumkuta mtu fulani njiani. Hiyo ndiyo ya kuanza nayo.

4. Mpe upendo siku za kawaida.

Kama mama huacha kila kitu na kukaa naye siku ya jeraha tu, bila kukusudia kijana hujifunza kwamba jeraha ndilo linaloleta mama. Mtibu jeraha kwa utulivu, bila kelele wala matusi. Kisha tenga muda wake siku nzuri: kupika pamoja, kusuka nywele, kutembea kwenda sokoni.

5. Mfundishe kupita saa mbaya.

Wimbi la hisia hupanda, hufika juu, kisha hushuka. Kazi yake ni kufika ng’ambo bila kujidhuru. Anaweza kushika pumzi na kuzamisha uso kwa muda mfupi katika beseni la maji baridi. Mwili hujibu kwa kupunguza mapigo ya moyo. Kama ana ugonjwa wa moyo au tatizo la kula, muulize daktari kwanza. Anaweza pia kuruka kamba au kupanda ngazi mpaka achoke, kutoa pumzi polepole, au kumpigia mtu anayemwamini. Andikeni orodha yake pamoja siku ametulia.

6. Ondoa vya hatari.

Fungia au toa nyumbani dawa za kilimo, sumu ya panya na vidonge. Mara nyingi hamu kali ya kufa hudumu kwa muda mfupi, na kukosa kitu karibu huokoa maisha.

7. Uliza waziwazi.

Wazazi wengi huogopa kwamba kulitaja jambo ni kuliamsha. Sivyo. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Sema, “Mwanangu, kuna wakati unafikiria kujiua?” Kisha nyamaza usikilize.

8. Jitunze na wewe.

Gawana zamu na mtu unayemwamini: baba, shangazi, bibi au jirani. Ukichoka kabisa, hutaweza kutambua hisia za mtu yeyote.

Wengi wetu pia hutafuta dua na maombi. Hilo ni haki yako, na linaweza kumtia kijana nguvu. Lakini lisichukue nafasi ya hospitali, na usikubali mahali popote anapofungwa, kupigwa au kunyimwa chakula.

Lini utafute msaada haraka?

Mpeleke hospitali iliyo karibu mara moja, na usimwache peke yake, kama:

- amekunywa au kumeza kitu cha sumu, hata kama anaonekana mzima;
- amejijeruhi sana au damu haikatiki;
- anasema ana mpango wa kujiua, au amegawa vitu vyake na kuaga watu;
- anasikia sauti zinazomwamuru kujidhuru.

Kama si dharura, anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya na uombe rufaa ya afya ya akili. Kwa Tanzania, huduma za rufaa zipo Mirembe, Dodoma, na Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa Kenya kuna Mathari, Nairobi, na kwa Uganda kuna Butabika, Kampala. Namba 116 ni ya bure kwa msaada wa watoto katika nchi hizi tatu.

Huenda usipate mahali penye tiba ya DBT kamili. Usikate tamaa. Mwulize mtaalamu maswali haya: Je, kuna mwanasaikolojia hapa? Je, anaweza kumfundisha kijana wangu stadi za kuongoza hisia na kustahimili dhiki? Je, mimi naweza kukaa katika baadhi ya vikao nijifunze? Tupigie nani akizidiwa usiku?

Ukienda, beba daftari. Andika ni lini alijiumiza, kilichotangulia, alivyolala, na dawa anazotumia. Andika pia mambo anayoyapenda na anayoyaweza. Mtaalamu atayahitaji yote.

Makala hii ni ya kuelimisha na haichukui nafasi ya ushauri wa daktari au mwanasaikolojia.